Efata: Sikio Lililofunguliwa na Kelele Zetu

Hotuba kwa wazazi, walimu, makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Miyuji, Dodoma



Ndugu wapendwa, tunawashukuru kwa kuitikia mwaliko wa Tume ya Haki na Amani. Mmezoea kutusikia tukizungumza hapa juu ya mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane na ujira wa wasichana wa kazi. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo pengine hamkulitegemea katika semina ya namna hii, nalo ni kelele. Tunawaomba mtuvumilie mpaka mwisho, kwa maana tunaamini kwamba kelele nazo zina uwezo wa kumnyima mtu haki yake.

1. Mtoto aliyeitwa mzembe

Iko familia moja tunayoifahamu, yenye binti wa miaka tisa. Mtoto huyu alizaliwa kiziwi. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, akawekewa ndani ya sikio kifaa cha kumwezesha kusikia. Leo nyumbani kwao, akiketi na bibi yake chini ya mwembe, hujibu kila anachoulizwa, husali Salamu Maria bila kusitasita, na hata hubishana na bibi yake juu ya nani amemaliza karanga. Majirani waliomfahamu alipokuwa mdogo husema huo ni muujiza.

Lakini shuleni mambo ni mengine. Darasa lake lina watoto zaidi ya themanini chini ya paa la mabati lisilo na dari. Katika ripoti ya muhula mwalimu aliandika kwamba mtoto ni mzembe, hasikilizi, na huwatazama wenzake badala ya kujibu. Baba yake alitujia jioni moja, amevunjika moyo kabisa. “Padre,” alisema, “nadhani tumedanganywa. Kile kifaa kimekufa. Nimekivua nikakiweka kabatini ili nisiendelee kutupa fedha kwenye betri.” Kifaa kilikuwa kimekaa kabatini wiki mbili.

Ndugu wapendwa, ni vema tukiri kwamba na sisi tulikuwa miongoni mwa waliomhukumu mtoto huyo. Katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza tulimsimamisha mbele ya wenzake kwa sababu aliulizwa swali mara mbili asijibu. Tulidhani ni kiburi. Hatukujiuliza kwamba nyuma yetu kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi.

Jioni ile tulimwomba mama yake akilete kifaa, mtoto akivae. Tuliketi naye sebuleni, milango imefungwa, tukamsomea sentensi kumi fupi. Alizirudia tisa. Kisha tukafungua dirisha la upande wa barabara na kuwasha redio kwa sauti ya kawaida, tukamsomea sentensi nyingine kumi, kwa sauti ile ile na tukiwa mahali pale pale. Alirudia mbili. Baba yake alinyamaza kwa muda mrefu. Kifaa hakikuwa kimekufa.

2. Kifaa hiki ni nini?

Ili tusiendelee kuwahukumu watoto wa namna hii, hatuna budi kukielewa kifaa chenyewe. Wengi wetu tunaifahamu shimesikio, ile mashine ndogo inayovaliwa sikioni na kukuza sauti. Shimesikio humfaa mtu ambaye sikio lake la ndani bado lina uwezo fulani wa kusikia. Lakini yule ambaye sikio lake la ndani limeharibika sana, ukimkuzia sauti ni sawa na kumwongezea maji mtu ambaye chungu chake kimepasuka.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojiviringisha mfano wa konokono, kiitwacho koklea. Humo mna chembe hai zenye vinyweleo. Zile zinazofanya kazi kubwa ya kuupasha ubongo habari za sauti ni kama 3,500, nazo huzigusa nyuzi za neva ya usikivu zipatazo 30,000. Chembe hizo zikifa hazioti tena. Zinaweza kuharibika kwa maradhi ya uti wa mgongo na ubongo, kwa surua, kwa baadhi ya dawa kali zikitumiwa vibaya, au mtu akazaliwa hana. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuilika.

Kipandikizi cha koklea, maana ndivyo tutakavyokiita, huziruka chembe hizo zilizokufa. Sehemu yake ya nje huvaliwa nyuma ya sikio: ina maikrofoni na mtambo mdogo wa kuchambua sauti. Mtambo huo hupeleka habari kupitia ngozi hadi kwenye sehemu ya ndani iliyowekwa kwa upasuaji, na sehemu hizo mbili hushikana kwa sumaku. Kutoka hapo uzi mwembamba wenye vituo vya umeme huingia ndani ya koklea na kuiamsha neva moja kwa moja.

Kazi hiyo imechukua miaka mingi. Mwaka 1957 Djourno na Eyriès walijaribu kuiamsha neva ya usikivu kwa umeme huko Paris. Mwaka 1961 daktari William House alianza kuwapandikiza wagonjwa huko Los Angeles. Baadaye, mwaka 1977 Vienna na mwaka 1978 Melbourne, vikapatikana vipandikizi vyenye vituo vingi. Hapa kwetu, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza huduma hiyo mwaka 2017. Kabla ya hapo wagonjwa wetu walipelekwa nje ya nchi, hasa India, kwa gharama ya makumi ya mamilioni ya shilingi kwa mtu mmoja. Kwa hiyo jambo tunalozungumzia limekwisha kuingia vijijini kwetu na madarasani kwetu.

3. Kwa nini kelele humshinda mwenye kipandikizi?

Mtu anayesikia vizuri aweza kukaa sokoni, katikati ya wauzaji na pikipiki, na bado akamsikia jirani yake akimnong'oneza bei. Tunalifanya jambo hilo kila siku bila kulifikiri, tukadhani kila sikio linaliweza. Sikio lenye kipandikizi haliliwezi kwa wepesi huo, na sababu zake kubwa ni tatu.

Kwanza, njia za sauti ni chache. Tumesema chembe za sikio zima ni kama 3,500. Kipandikizi kina vituo 12 hadi 22 tu, kutegemea mtengenezaji. Tena umeme wa kituo kimoja husambaa hadi eneo la kituo jirani, hata uchunguzi ukaonyesha kwamba kwa watumiaji wengi njia zinazofanya kazi kweli kweli, kila moja kwa nafasi yake, ni kama nane. Sisi watu wa Ugogo tunaijua ilimba. Mpigaji hodari hukigusa kila chuma kwa ncha ya kidole gumba, na kila chuma hutoa sauti yake. Sasa mfikirie mpigaji aliyelazimishwa kuipiga ilimba ile ile kwa kiganja kizima. Mapigo mtayatambua, lakini vyuma vitatu au vinne vitalia kwa pamoja. Mahali palipo kimya, kiganja kinatosha kufikisha maneno. Penye kelele, maneno na kelele hupita katika njia zile zile chache na kuchanganyika.

Pili, wembamba na uzito wa sauti hupotea. Sikio zima huishika sauti ya mtu mmoja katikati ya sauti nyingi kwa kufuata tuni yake, kama mshonaji anavyoufuata uzi mwekundu katika kitambaa chenye rangi nyingi. Kipandikizi hufikisha vizuri nguvu ya sauti inavyopanda na kushuka, lakini habari za tuni hufika zimefifia. Binti tuliyemtaja akisikia ngoma ya muheme ya akina mama hucheza bila kukosea hatua, kwa kuwa mapigo humfikia barabara. Akipigiwa zeze, hautambui wimbo. Ndiyo sababu kelele inayomsumbua kuliko zote ni mazungumzo ya watu wengine. Sauti ya mwalimu na sauti ya mwanafunzi wa dawati la jirani humjia zikiwa zimefanana.

Tatu, wengi wamepandikizwa sikio moja tu. Masikio mawili hutuwezesha kujua sauti imetoka wapi, na kichwa chenyewe hulikinga sikio moja dhidi ya kelele za upande wa pili. Mwenye sikio moja akiitwa darasani hugeuka huku na huko akimtafuta aliyemwita. Mpaka ampate, jambo limekwisha kusemwa. Ndipo mwalimu huandika kwamba mtoto huwatazama wenzake.

Liko na jambo la nne, ambalo ni matokeo ya hayo yote, yaani uchovu. Mtoto huyu husikiliza kwa kazi. Anachopata nusu hukijazia mwenyewe kwa kubahatisha, kwa kutazama midomo, na kwa kukumbuka lililosemwa awali. Jua likifika utosini amechoka kama aliyelima. Akisinzia baada ya chakula cha mchana, si mvivu.

4. Hesabu ndogo ya darasa

Sauti hupimwa kwa desibeli, na ongezeko la desibeli 10 maana yake ni nguvu ya sauti mara kumi. Sauti ya mwalimu anayesema kwa nguvu kidogo, ikipimwa mita moja kutoka mdomoni mwake, ni kama desibeli 65. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua kwa desibeli 6. Basi kwa mita mbili ni 59, kwa mita nne ni 53, na kwa mita nane ni 47.

Tuchukue mfano wa darasa lenye kelele ya desibeli 55, na madarasa mengi yana zaidi. Mtoto aliye mita moja kutoka kwa mwalimu anapata sauti iliyoizidi kelele kwa desibeli 10. Aliye mita nne anapata sauti iliyozidiwa na kelele kwa desibeli 2. Aliye nyuma kabisa amezidiwa kwa desibeli 8. Mtu mzima mwenye masikio mazima aweza kuifuata lugha yake hata sauti ikizidiwa kidogo na kelele. Mwenye kipandikizi kwa kawaida huhitaji sauti iizidi kelele kwa kiasi kikubwa. Wataalamu wanapendekeza kwamba kwa mtoto mwenye tatizo la kusikia sauti ya mwalimu iizidi kelele kwa desibeli 15, na kwamba darasa tupu lisizidi desibeli 35.

Kuna atakayesema kwamba ndani ya chumba sauti haipungui hivyo, kwa kuwa kuta huirudisha. Ni kweli kwamba kuta huirudisha, lakini huirudisha ikiwa mwangwi. Silabi iliyotangulia bado inazunguka chumbani wakati silabi inayofuata inatamkwa. Sikio zima huuvumilia mwangwi huo. Kwa mwenye kipandikizi huzibandika silabi moja juu ya nyingine. Ukuta wa saruji, sakafu ya saruji na paa la mabati ndivyo vinavyokuza mwangwi kuliko vitu vyote, na ndivyo tunavyojengea shule zetu na makanisa yetu. Mvua nazo, ambazo hapa kwetu huanza karibu na Desemba na ambazo sisi wa nchi kavu tunazipokea kwa shangwe, zikipiga mabati hakuna mtoto wa namna hii atakayepata hata neno.

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, Miyuji imebadilika. Palipokuwa mashamba pana nyumba, na penye nyumba pana mchomea vyuma, mashine ya kusaga, bodaboda na baa. Kwenye barabara iendayo Arusha malori hayalali. Hatuyapingi maendeleo hayo, kwa kuwa ndiyo riziki za watu. Tunasema tu kwamba utulivu ambao babu zetu waliupata bure, sasa hatuna budi kuupanga.

5. Je, hili ni suala la huruma au la haki?

Mara nyingi tunapomwona mtu mwenye ulemavu tunaingiza mkono mfukoni. Huruma ni fadhila njema, lakini ina hatari yake: mwenye kuhurumia hutoa akipenda, na asipopenda hatoi. Haki haiko hivyo.

Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliihesabu huduma ya tiba miongoni mwa haki za kila binadamu. Mwaka huo huo wa 1963 Kanisa lilianzisha Tabora shule ya kwanza ya viziwi katika nchi yetu. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mkataba huo unazungumza juu ya marekebisho yanayofaa, yaani mabadiliko ambayo mtu anahitaji ili aishi na kusoma sawa na wengine, pasipo kumtwisha mwingine mzigo usiochukulika. Tena unasema kwamba kumnyima mtu marekebisho hayo ni ubaguzi. Haulazimishi kwamba mtendaji awe na nia mbaya. Mwalimu yule hakuwa na nia mbaya, wala sisi katika mafundisho hatukuwa nayo. Hata hivyo mtoto alibaguliwa.

Tuseme pia wazi, tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi kwamba kila kiziwi sharti apandikizwe, wala kwamba lugha ya alama ni ya walioshindwa. Lugha ya alama ni lugha kamili, na viziwi wengi wameishi na kusoma kwayo kwa heshima. Tena mwenye kipandikizi, akioga, akilala, au betri ikiisha umeme ukiwa umekatika, hasikii kitu chochote. Mzazi anayemfundisha mtoto wake alama pamoja na maneno amempa milango miwili, na mmoja ukifungwa atapita kwa mwingine.

6. Tufanye nini?

Nyumbani. Kifaa kivaliwe muda wote mtoto awapo macho, kwa sababu ubongo hujifunza kusikia kwa kusikia. Mtoto akionekana haelewi, tusikimbilie kukiweka kabatini. Kwanza tumjaribu mahali pa kimya, kama tulivyofanya sebuleni. Akielewa, tatizo ni kelele. Asipoelewa, apelekwe kwa wataalamu wakipime na kukirekebisha kifaa. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, na safari ya Dar es Salaam imekuwa nyepesi kuliko zamani. Wakati wa kula na wa sala redio na televisheni zizimwe. Tumwite kwa jina kwanza, atugeukie, ndipo tuseme. Tusipige kelele, maana sauti ya kupigia kelele hubadilisha umbo la maneno. Asipoelewa mara ya kwanza, tuliseme jambo kwa maneno mengine badala ya kurudia yale yale.

Shuleni. Aketi mbele, upande ambao sikio lenye kifaa linamwelekea mwalimu na limelipa kisogo dirisha la barabara. Mwalimu asiseme huku akiuelekea ubao, wala asisimame dirishani mwanga ukiwa nyuma yake, kwa maana uso wake huwa giza na midomo haionekani. Mwanafunzi mwingine akiuliza swali, mwalimu alirudie. Asimuulize mtoto, “Umesikia?” Kila mtoto hujibu ndiyo. Amuulize, “Nimesema nini?” Mvua ikinyesha, somo liandikwe ubaoni. Dari ya mbao laini, mapazia mazito, mikeka na hata vitambaa vilivyotundikwa ukutani hupunguza mwangwi. Iko pia maikrofoni ndogo ambayo mwalimu huivaa kifuani, nayo huipeleka sauti yake kwa mawimbi moja kwa moja hadi kwenye kifaa cha mtoto, kana kwamba mdomo wa mwalimu uko karibu na sikio lake. Katika kelele, hicho ndicho kisaidizi chenye manufaa makubwa kuliko vingi. Kamati za shule na halmashauri zinapopanga bajeti ya elimu jumuishi, tunaziomba zikikumbuke.

Parokiani. Hapa tunajisemea wenyewe. Tumezoea kudhani kwamba waamini wasiposikia, dawa ni kuongeza sauti ya spika. Katika kanisa lenye mwangwi, ukiongeza sauti umeongeza na mwangwi. Zaidi ya hayo kipandikizi huzibana sauti kubwa ili zisimwumize mtu, na hapo tofauti kati ya neno na neno huzidi kupungua. Ni afadhali spika ndogo kadhaa zilizo karibu na watu, na zenye sauti ya wastani, kuliko mbili kubwa zilizotundikwa mbele. Masomo ya Misa yapatikane yameandikwa. Kwaya ifanye mazoezi saa ambayo hakuna mafundisho. Na kuhusu Sakramenti ya Kitubio, tunawaomba mapadre wenzetu walifikirie jambo hili: ndani ya kiti cha maungamo mna giza, pana wavu, na watu hunong'ona. Hayo matatu ni adui wa mwenye kipandikizi. Apokelewe chumbani penye mwanga na mlango uliofungwa, aone uso wa padre, aisikie maondoleo kwa masikio yake.

Mtaani. Kanuni za mwaka 2015 zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira zinaweka viwango vya kelele. Zipo ili zitumike, na nyumba za ibada, yetu ikiwemo, hazipo juu yake. Kabla ya kwenda kwa mamlaka, yafaa viongozi wa Jumuiya waende kwanza kwa jirani kwa lugha ya udugu. Mchomea vyuma mmoja jirani na shule tuliyoitaja alipoelezwa habari za yule mtoto alisema, “Padre, sikujua.” Kazi zake zenye mlio mkali alizihamishia mchana, baada ya vipindi vya kusoma na hesabu.

7. Hitimisho

Injili ya Marko, katika sura ya saba, inatusimulia habari za kiziwi aliyeletwa kwa Bwana katika nchi ya Dekapoli. Sote tunalikumbuka neno Efata, na katika ibada ya Ubatizo padre huyagusa masikio na kinywa cha mtoto kwa ukumbusho wa tendo hilo. Lakini tumekuwa tukiliruka jambo moja dogo lililolitangulia. Kabla ya kuyagusa masikio yake, Bwana alimtoa mtu yule katika umati, akaenda naye kando, peke yao. Sauti ya kwanza aliyoisikia masikio yake yalipofunguliwa haikulazimika kushindana na makelele ya umati.

Ndugu wapendwa, madaktari wetu sasa wanaweza kuyafungua masikio ya watoto kadhaa. Sisi hatuwezi kumtoa mtoto katika umati kila siku, maana shule ni umati, kanisa ni umati, na mtoto anayo haki ya kuwa humo pamoja na wenzake. Lililo katika uwezo wetu ni umati wenyewe kujifunza kupunguza sauti.

Yule binti bado yuko darasani. Ameketi mbele, upande wa kushoto, na kifaa chake kilikwisha kutoka kabatini siku ile ile. Si wa kwanza katika masomo, na siku za mvua bado hurudi nyumbani bila kujua kilichofundishwa. Maikrofoni ya mwalimu hajaipata. Lakini katika ripoti ya muhula uliofuata neno mzembe halikuandikwa tena, na katika mafundisho alipoulizwa swali lile ambalo tulimsimamishia, alilijibu. Safari hii kwaya ilikuwa imeombwa isubiri.

 

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Je, katika Jumuiya yetu yuko mtoto au mzee ambaye hasikii vizuri? Tumewahi kumwuliza ni mahali gani na saa gani husikia kwa shida zaidi?

2. Ni kelele zipi za mtaa wetu ambazo sisi wenyewe tunazisababisha? Ipi tunaweza kuipunguza mwezi huu bila gharama?

3. Tutembelee shule iliyo karibu nasi. Darasa lipi lina kelele na mwangwi kuliko mengine? Jumuiya zetu zinaweza kuchangia nini: dari, mapazia, mikeka, au maikrofoni ya mwalimu?

4. Tumewahi kumhukumu mtu kuwa ana kiburi au ni mzembe, kumbe hakusikia? Tulifanya nini baada ya kujua?